Nati ya tano: kisa cha gari lililokwama Doma bila ufunguo wa loki

Gari na mwenye gari

Gari ni saluni ya Toyota ya mtumba kutoka Japani, injini ndogo, breki za diski mbele na draam nyuma. Mwenye gari ni mama wa makamo anayeishi Dar es Salaam. Alilinunua kwa mtu miezi minane kabla ya siku ninayoisimulia. Mimi ni fundi, gereji yangu iko Morogoro mjini. Kila kinachoweza kumtambulisha mtu nimekitoa. Vifaa, hatua tulizopita na makosa, pamoja na ya kwangu, nimeviacha vilevile.

Aliyemuuzia alikuwa amevalisha gari rimu za sport. Dar ni mji ambao watu huchonga namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa ili visinyofolewe usiku, kwa hiyo mwenye rimu nzuri naye hutafuta namna ya kuzilinda. Huyu alinunua nati za loki. Kila tairi likawa na nati nne za kawaida na moja ya loki.

Kwa asiyeifahamu: nati ya loki ni ya mviringo kwa nje, haina pembe sita za kushikwa na spana. Usoni imechongwa mchoro. Wa gari hili ulifanana na ua ambalo petali zake hazilingani. Ufunguo wake ni kichuma cha urefu wa kidole gumba. Upande mmoja una mchoro uleule kwa kinyume, unaingia kwenye nati, na upande wa pili una pembe sita za kushikwa na spana ya milimita 21. Ukiwa nao, kufungua ni kazi ya sekunde kumi. Usipokuwa nao, nati nne kati ya ishirini zinatosha kuligeuza tairi la akiba kuwa mzigo wa buti.

Ufunguo ulivyopotea

Haukupotelea njiani. Wiki mbili kabla ya safari, mama alibadilisha tairi mbili za mbele kwenye duka la tairi huko Dar. Kijana wa pale akauchukua ufunguo kwenye kidroo cha dashibodi, akauchomeka kwenye soketi ya mashine ya upepo, akafungua, akafunga, akahamia gari lililofuata. Mama akalipa, akaondoka.

Mafundi wenzangu wanaijua hii. Ufunguo ukishabanwa na soketi ya mashine hauanguki hata ukiigeuza kichwa chini. Unakaa humo kama kokwa ndani ya embe. Kijana anaugundua pale nati ya gari jingine inapokataa kuingia kwenye soketi, na wakati huo mwenye ufunguo ameshafika kwake anapika. Sijapata kukutana na ufunguo ulioibwa. Niliokwisha kuusikia umepotea, mara nyingi mno, ulipotelea kwa fundi.

Doma, saa tisa alasiri

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Mama alikuwa anaendesha mwenyewe kwenda Iringa kwenye msiba, na ndani ya gari walikuwamo wifi yake, watoto wawili na gunia la mchele. Mazishi yalikuwa kesho yake saa saba mchana. Alipofika Doma, kabla ya barabara kuingia Hifadhi ya Mikumi, akahisi nyuma kunayumba. Akasimama hapohapo. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limekaa chini.

Kusimama hapohapo lilikuwa jambo la kwanza jema siku ile, na nitalirudia mbele. La pili ni bahati tu: ingemkuta kilomita chache mbele angekuwa katikati ya hifadhi, ambako hushuki ovyo garini na hakuna kijiwe cha fundi wa kumwita.

Akatoa jeki na spana. Nati nne zikalegea. Ya tano spana ikateleza juu yake, na hapo ndipo akakikumbuka kile kichuma alichoonyeshwa na aliyemuuzia gari. Wakatafuta kwenye kidroo, chini ya viti, ndani ya mfuko wa vifaa, chini ya tairi la akiba. Hakuna.

Boda wa pale akaenda kumwita fundi pancha, kijana wa miaka ishirini na kidogo. Alikuja na nyundo, tindo na soketi tatu. Njia aliyoitumia inajulikana na mara nyingine inafanya kazi: unachukua soketi ya meno kumi na mawili iliyo ndogo kidogo kuliko nati, unaigonga kwa nyundo mpaka ing'ate, kisha unafungua. Aligonga ya milimita 19. Ikang'ata, akazungusha, ikazunguka! Wote wakashangilia. Akazungusha tena na tena, na nati ikabaki palepale ilipokuwa.

Nati za aina ile zina pete ya nje inayozunguka yenyewe. Imewekwa makusudi kwa ajili ya mtu mwenye nyundo na soketi: pete inazunguka, na nati yenyewe iliyoshika studi, yaani ule mche wa chuma wenye uzi ambao nati hufungwa juu yake, haitikisiki. Kijana hakuwa amewahi kuiona. Akadhani amelegeza kidogo na kilichobaki ni nguvu, akahamia kwenye tindo. Tindo ikaila pete nusu, kisha ikateleza na kumega ukingo wa tundu la rimu.

Yote hayo yalifanyika gari likiwa juu ya jeki ya mkasi, pembeni mwa lami kwenye mchanga, nati nne zikiwa zimewekwa chini.

Simu

Kaka wa mama yule ni mteja wangu. Alinipigia kueleza, nikamwomba namba ya aliyeko kwenye gari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fundi hapa anasema nati inazunguka lakini haitoki."

"Zile nyingine nne ziko wapi?"

"Zipo hapa chini, kwenye kifuniko."

"Na gari bado liko juu ya jeki?"

"Liko juu."

Nikaomba kuongea na kijana. Nilimwambia kwanza aweke nyundo chini, arudishe nati zote nne kwa mkono, azikaze kiasi, ateremshe gari. Akanijibu kwamba bado kidogo tu itoke. Nikamwambia, "Mdogo wangu, teremsha gari, halafu tuongee." Akateremsha.

Ndipo nikamuuliza swali ambalo lilikuwa halijaulizwa na mtu kwa dakika arobaini na tano: tairi limetobolewa na nini?

Kimya. Kisha, "Hatujaangalia, bro."

Kuziba bila kutoa tairi

Tairi lile lilikuwa tubeless, halina tyubu ndani. Tundu la msumari katikati ya kashata, yaani sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, huzibwa kwa nje kwenye tairi la namna hiyo: unachomoa kilichochoma, unapitisha sindano yenye makali ya kukwaruza, unasukuma utambi wa mpira uliopakwa gundi, unachomoa sindano, unakata mkia. Tairi linabaki kwenye gari muda wote. Kijana alikuwa na sindano na tambi kwenye kijiwe chake, umbali wa dakika tano kwa boda. Ni kazi anayoifanya kila siku, lakini kwenye tairi lililokwisha kutolewa, limelazwa chini mbele yake. Hakuwaza kuifanya likiwa bado limefungwa.

Nilikuwa na maswali mawili kabla ya kukubali. La kwanza nilimuuliza mama: uliendesha umbali gani baada ya kuhisi linayumba? Akasema hata mita mia hazikufika. Hapa ndipo kusimama mapema kulipolipa. Tairi likiendeshwa bila upepo, ubavu wake unasagika kwa ndani na kumwaga unga mweusi. Ukiliziba na kulijaza unaweza kupata kilometa kumi nzuri kisha likapasuka kwenye mwendo. La pili nilimuuliza kijana: tundu liko wapi? Likiwa ubavuni au begani, hatuzibi.

Kulitafuta tundu kwenye tairi lililokaa chini ni shida, kwa hiyo ilibidi upepo uingie kwanza. Lori la vitunguu lilikuwa limesimama kwenye mgahawa ng'ambo ya barabara, na malori mengi yana mpira wa kuchotea upepo kutoka kwenye matangi ya breki. Dereva hakukataa. Alisogeza lori, akachomeka, tairi likainuka huku likipiga mluzi mwembamba.

Kisha wakalipandisha tena jeki, na kwa hili nilirudia maelekezo mara mbili. Tairi la nyuma halizunguki ukiwa umevuta hendibreki. Ukiiachia, gari liko juu ya jeki bila breki ya mkono. Kwa hiyo mawe mbele na nyuma ya tairi zote mbili za mbele, gia kwenye P kwa kuwa gari linavuta kwa mbele, nati nne zimekazwa, na mtu asiingize mkono wala mguu chini ya gari. Wakazungusha tairi taratibu kwa mkono, wakimwagia maji ya sabuni. Povu likatokea kwenye mfereji wa pili kutoka ndani, juu ya kichwa cha skrubu kilicholainishwa na lami kikang'aa kama shilingi. Mahali pazuri kabisa pa kuziba.

Dakika kumi na mbili baadaye lilikuwa limezibwa, limejazwa 32 psi, na povu halitoki.

Mbele au nyuma?

Mama alitaka kuendelea. Saa kumi na moja jioni, tairi limepona, Iringa inasubiri. Nilimshauri arudi Morogoro, na nikampa sababu moja tu: huna tairi la akiba. Lipo kwenye buti, lakini huwezi kulifunga popote, kwa sababu kila tairi lina nati isiyofunguka. Mbele yako kuna hifadhi, giza, na milima ya Kitonga yenye malori. Pancha ya pili ikikukuta huko, sina la kukusaidia kwa simu.

Alinyamaza kidogo, akauliza nitachukua muda gani. Nikasema akifika saa kumi na mbili na nusu tunafanya usiku, anaondoka saa kumi na moja alfajiri. Kutoka Morogoro hadi Iringa ni kama kilomita 300. Kwenye mazishi ya saa saba angewahi. Wifi na watoto wakapandishwa basi palepale pamoja na gunia la mchele, na yeye akageuza. Nilimwambia asizidi 60 na asimame mara moja njiani kulitazama tairi.

Usiku kwenye gereji

Tulikuwa na nati nne: tatu nzima, moja iliyoharibiwa. Njia ya kistaarabu ni kupata ufunguo mwingine. Watengenezaji wa loki hupiga namba ya siri kwenye ufunguo au kwenye kadi inayokuja nao, na ukiwa na namba unaagiza. Mama hakuwa na kadi, na hata angekuwa nayo, ufunguo usingefika kabla ya alfajiri. Nina kopo la funguo za loki za zamani zilizoachwa na magari yaliyopita hapa. Nikajaribu kumi na moja. Mbili ziliingia nusu zikacheza. Nikaziacha, maana ufunguo unaocheza ukiulazimisha unasaga mchoro na unabaki na nati isiyo na sura kabisa.

Nikaamua kuanza na nzima. Fundi wa pembeni aliniuliza kwa nini nisimalize mbaya kwanza nikiwa bado na nguvu. Sababu ni kwamba nati nzima zinakufundisha ile mbaya imekaaje: kina chake, ukubwa wa pete, imekazwa kiasi gani. Ukianza na mbaya unajifunzia juu ya kidonda.

Tundu za rimu zilikuwa na nafasi ya kutosha kuingiza soketi ya kung'olea, ile yenye meno yaliyopinda ndani, ambayo kadiri unavyozungusha kufungua ndivyo inavyozidi kuuma. Kwanza nilitoa pete inayozunguka kwa tindo nyembamba, nikiigonga kwa ubavu kidogo kidogo mpaka ipasuke, nikiwa nimezungushia utepe wa tyubu ya baiskeli kwenye ukingo wa rimu usimegeke. Kisha soketi, nyundo mbili tatu, wenzo mrefu, gari likiwa chini kwenye magurudumu yake. Ya nyuma kulia ilitoka. Ya mbele kulia ilitaka bomba la mita moja juu ya wenzo na ikalia kama mlango wa kanisa, lakini ikatoka. Ile mashine ya upepo ya duka la tairi ilikuwa imeikaza kupita kiasi.

Ya mbele kushoto nikaikata studi.

Ni kosa langu. Ilikuwa saa nne usiku, nimechoka, mbili zimekubali, nikaona nimeshaielewa. Nikaacha wenzo nikachukua mashine ya upepo. Ikapiga mapigo matatu, nati ikatoka ikiwa na nusu ya studi ndani yake. Wenzo unakupa habari mkononi: unahisi chuma kinaanza kunyongeka, unarudisha nyuma robo mzunguko, unatia mafuta ya kulegeza kutu, unasubiri. Mashine haikuambii kitu.

Ikabidi kutoa kalipa ya breki na diski, kuzungusha habu, kile kitovu kinachobeba studi, mpaka mahali penye nafasi nyuma yake, kuigonga studi iliyobaki itoke, na kuvuta mpya kwa nati na washa kadhaa mpaka kichwa chake kikae. Studi ya gari hili ni M12 yenye uzi wa 1.5. Maduka yalikuwa yamefungwa; nilikuwa na habu mbovu ya gari kama hilo nyuma ya gereji, nikachomoa mbili huko baada ya kulinganisha urefu na unene wa meno ya shingoni kwa kipimo. Saa nzima ilipotea.

Ikabaki ile ya Doma. Pete yake ilikuwa imeliwa upande mmoja na kupindwa upande mwingine, soketi haikupata pa kuuma. Nikamwita jirani mchomeleaji. Kabla hajawasha mashine nilitoa nyaya ya hasi ya betri, nikatoa upepo wote kwenye tairi na kuchomoa pini ya valvu. Tairi lenye upepo likipata moto kwenye rimu linaweza kulipuka na kuua mtu. Kuna mafundi wanaochomelea tairi likiwa limejaa kwa sababu halijawahi kuwalipukia. Rimu ikafunikwa kwa gunia lililoloweshwa. Klipu ya ardhi tuliifunga kwenye studi ya jirani kwenye habu ileile, si kwenye bodi, ili umeme usipite kwenye beringi na kuzitoboatoboa gololi zake.

Akaweka nati kubwa ya kawaida juu ya loki, akachomelea kwa ndani. Tukaiacha ipoe mpaka wekundu ukaisha. Ule moto wenyewe husaidia, unavunja kutu iliyoshika uzi. Spana ya kawaida, msukumo mmoja, ikatoka. Studi yake nayo niliibadilisha ingawa ilionekana nzima, kwa sababu chuma kilichopata joto lile siwezi kukiamini tena kubeba tairi la mtu.

Saa nane usiku nilifunga nati nne za kawaida mahali pa loki. Hapa pia kuna mtego. Rimu za sport zile zinataka nati yenye koni, wakati rimu nyingi za aloi za Toyota zinazotoka kiwandani hutumia nati yenye washa bapa. Zote ni M12 na zote zinaingia vizuri kwenye uzi, lakini ya bapa kwenye tundu la koni inakaa juu juu na kulegea. Nilizilinganisha na zile kumi na sita zilizokuwapo. Nikakaza kwa spana ya kipimo, 103 N·m, kwa mpangilio wa nyota. Tairi lenyewe nililitoa kwenye rimu nikalikagua ndani. Ubavu ulikuwa safi, nikabandika kiraka kwa ndani juu ya utambi.

Matokeo

Aliondoka saa kumi na moja kasoro. Nilimwomba asimame baada ya kilomita 50 na zaidi kukazia nati, maana studi mpya hujivuta zaidi kwenye habu gari likishatembea. Alisimama Doma, akamwita kijana yuleyule. Kijana akanipigia mwenyewe: "Bro, mbili za mbele kushoto zimekubali robo, nyingine zimegoma." Vizuri kabisa. Mazishini aliwahi.

Gharama ilifika shilingi 142,000 kwa jumla: fundi pancha wa Doma mara mbili, studi, nati, mchomeleaji, na kazi yangu ambayo niliondoa ile saa ya studi niliyoikata mwenyewe. Rimu ya nyuma kushoto ina kovu mpaka leo. Kama kijana wa duka la tairi angeutoa ufunguo kwenye soketi, pancha ile ingekuwa ya shilingi elfu kumi.

Uchambuzi

Kilichotuokoa ni lile swali la tundu, na lilichelewa dakika arobaini na tano. Kwetu neno pancha limefungamana na kutoa tairi. Mtu akisema pancha, mkono unakwenda kwenye jeki. Nati ilipokataa, kila aliyekuwepo akaanza kupambana na nati, na pancha yenyewe ikasahaulika. Nati ile haikuwa na haraka yoyote. Ingeweza kubaki mahali pake mpaka Morogoro, mpaka Jumatatu, mpaka ufunguo uagizwe. Kilichokuwa na haraka ni skrubu ya nusu inchi. Tangu siku hiyo, nikipigiwa simu ya loki njiani, swali langu la kwanza ni tairi lina nini, na nusu ya simu hizo zinaishia hapo.

Kijana wa Doma simlaumu sana. Mbinu yake ilikuwa sahihi kwa nati ya aina nyingine. Kosa lake lilikuwa kuendelea baada ya nati kumwonyesha dalili: kitu kinachozunguka bila kusogea nje hata uzi mmoja hakilegei. Mizunguko miwili ingetosha kumjulisha. Na gari juu ya jeki ya mkasi si mahali pa nyundo, hata iwe nati gani.

Uamuzi wa kurudi Morogoro nauona sahihi hata baada ya kujua kwamba kiraka kilishika. Hatukuuamua kwa kutazama tairi lililozibwa, tuliuamua kwa kutazama mengine matatu.

Kosa langu la mashine ya upepo linaniuma zaidi kwa sababu nilikuwa nimetoka kumsema kijana kwa haraka yake. Watengenezaji wa loki wenyewe huonya kwamba nati hizi na funguo zake zisitumiwe na mashine za mapigo. Mimi nilijua hivyo.

Kuna mafundi wanaoshauri kila mteja atupe loki. Sikubaliani nao moja kwa moja. Rimu za thamani, gari linalala nje, mtaa una historia: weka. Kwa gari la kawaida lenye rimu za kawaida, loki inamzuia mwizi asiyekuja na kumfunga mwenye gari. Mama huyu nilimshauri aache, akakubali. Anayezibakiza, ufunguo asiuweke kwenye kidroo cha dashibodi, ambako kila mtu anapekua. Aufunge kwa waya kwenye spana yenyewe ya magurudumu, aupige picha usoni pamoja na namba yake, na kwenye duka la tairi asilipe mpaka aushike mkononi. Anayenunua gari kwa mtu aombe nati moja ya loki ifunguliwe mbele yake. Mfuko wa vifaa ukiwa kwenye buti haimaanishi kwamba ufunguo umo.

Neno la haraka kwa wenye magari ya Ulaya: BMW, Volkswagen na wenzao hutumia bolti zinazoingia kwenye habu badala ya nati juu ya studi. Kuchomelea na kung'oa kunafanana, lakini bolti ikikatika inabaki ndani ya habu, na hapo kuna kazi ya drili. Kwa hayo uvumilivu wa kutafuta ufunguo kwa namba unalipa zaidi.

Miezi miwili baadaye

Mama alirudi kwenye lile duka la tairi kwa jambo jingine, akauliza. Wakamletea kopo la rangi la lita nne, limejaa funguo za loki za kila sura. Akamwaga juu ya benchi, akatafuta ua lenye petali zisizolingana, akalipata. Akanitumia kwa basi pamoja na nyanya za kukaanga za wifi yake. Upo kwenye kopo langu sasa. Nimeshaujaribu kwenye magari matatu, na bado haujafungua hata moja.